Miwani Iliyobaki kwa Baba: Uchambuzi wa Kisa cha Wazazi Walioachana

Wazazi hawa waliachana mtoto akiwa na miaka 6. Sasa ana miaka 8, yuko darasa la pili, na ndiye mtoto pekee wa ile ndoa. Anaishi na mama yake. Kwa baba anakwenda wikendi moja kwa kuruka moja. Mahakama iliyovunja ndoa iliandika kwamba mtoto abaki kwa mama, na baba apewe nafasi ya kumwona "kadiri wazazi watakavyokubaliana". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyozaa karibu kila kitu ninachokieleza hapa, maana hawa ni watu wasiokubaliana hata juu ya saa.

Kisa nimekiunga kutokana na familia zaidi ya moja, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Mambo yenyewe ni ya kawaida kiasi kwamba wengi watadhani nimewasema wao.

Aliyekuja kwangu kutaka usuluhishi ni mama. Alikuja na simu yenye meseji za miaka miwili, na neno moja alilolipata kwenye video za mtandaoni: mzazi mwenzake ni nasisti, yaani mtu anayejiona yeye tu na asiyejali wengine. Neno hilo limekuwa jepesi mno midomoni mwa watu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Wa kusema ni daktari aliyemkalisha mtu akampima, na huyu baba hajawahi kukanyaga kwa daktari wa namna hiyo. Hata kama ingekuwa kweli, jina la ugonjwa halimwambii mama mtoto atachukuliwa saa ngapi Ijumaa. Na shida iliyomleta, ukiondoa machozi, ilikuwa hiyo: saa ngapi Ijumaa.

Malalamiko yake, nikiyapunguza ukali, yalikuwa haya. Baba anasema atampitia mtoto mchana, anafika jua limezama. Wikendi nyingine haji kabisa na hasemi. Pesa za matumizi huleta akijisikia, na akiudhiwa hukata za mwezi mzima. Hutuma meseji ndefu usiku wa manane, zinaanza na mtoto na kuishia kwenye ndoa. Humpa mtoto maneno ya kupeleka: "Mwambie mama yako aache kunisema kwa watu." Na kila mtoto akirudi, kuna kitu kimebaki kule: sweta, daftari, kiatu cha michezo, na mara nyingi miwani. Mtoto huyu bila miwani haoni ubao.

Baba hakutaka kuja. Alisema yeye hana shida na mtu, mwenye shida ni huyo aliyekuja kwangu. Nilipomwomba tuzungumze kwa simu tu alikubali, na alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kwake yeye, mgumu ni mama: anamhesabia dakika, anamhoji mtoto kama polisi kila akirudi, anamjaza maneno juu ya mama wa kambo, na wikendi mbili mfululizo alimnyima mtoto kwa sababu pesa zilichelewa. Hilo la mwisho mama hakuwa ameniambia. Nilipomuuliza alikubali bila kupepesa jicho: "Kama hataki kumtunza, kwa nini ampate?"

Kabla ya kugusa ratiba yoyote, nilimuuliza mama maswali kadhaa tukiwa wawili tu. Amewahi kukupiga, au kutishia kukupiga? Amewahi kukuvizia kazini au nyumbani? Kuna wakati uliwahi kumwogopa, wewe au mtoto? Mtoto amewahi kurudi na alama mwilini? Alijibu hapana kote, tena kwa mshangao wa mtu asiyeelewa kwa nini anaulizwa. Kama angejibu ndiyo hata kwenye swali moja, ningeliacha hapo hapo lote linalofuata hapa chini. Mpango wa kuzungumza kwa heshima na mtu anayekupiga ni mpango wa kumpa nafasi zaidi ya kukupiga. Hapo kinachotakiwa ni ulinzi, sheria na watu wanaojua kazi hiyo. Ninalirudia kila ninapoeleza kisa cha aina hii kwa sababu ushauri wa "jitahidini mwelewane kwa ajili ya mtoto" umewaumiza watu.

Huyu baba hakuwa wa kuogopwa. Alikuwa wa kuchosha, na kuchosha kunaweza kupangiwa utaratibu.

Ijumaa mlangoni

Tuitazame Ijumaa moja kama mama alivyoisimulia. Mtoto anarudi shule, anabadili nguo, anapanga begi lake mwenyewe, anakaa kizingitini akiwa amevaa viatu. Baba amesema atakuja mchana. Kwa mama, mchana ni saa 8. Kwa baba, ambaye ana biashara yake na siku yake haina mwisho unaojulikana, mchana ni wakati wowote kabla ya giza. Saa 9 mtoto anauliza. Saa 10 mama anapiga simu, haipokelewi. Saa 10 na nusu anatuma meseji, inasomwa, haijibiwi. Mtoto anaambiwa avue viatu apumzike, hataki. Saa 11 tumbo linaanza kumuuma. Saa 12 na robo honi inalia nje.

Mama anamtoa mtoto, na badala ya kumkabidhi anainama dirishani: "Huu ndio mchana wako?" Baba anajibu. Mke wake mpya, kiti cha mbele, anatazama simu yake asiyoisoma. Mtoto amesimama katikati ya mlango wa gari na mama yake, begi mgongoni, akivuta zipu juu na chini, juu na chini. Maneno yanakwenda hivyo kwa dakika kadhaa, kisha gari linaondoka.

Lile tumbo mama alilichukua kama ushahidi. Kwa maelezo yake, mtoto anaumwa kila Ijumaa kwa sababu huko anakokwenda anateswa. Lakini linaanza saa 11, wakati wa kungoja, na baba, bila kujua nimeambiwa nini, alinieleza kwamba mtoto huingia garini amejikunja na wakifika nyumbani anakimbia kucheza. Mama alishampeleka hospitali, hakukutwa na kitu. Sikusema mtoto anajifanya. Maumivu ya tumbo kwa watoto wenye wasiwasi ni maumivu ya kweli. Nilichosema ni kwamba ukitaka kujua kinachomuuma, tazama saa.

Kulikuwa na jambo jingine lililonivutia zaidi. Kila mzazi alikuwa na ushahidi kutoka kinywani mwa mtoto yule yule. Kwa mama alisema: "Kwa baba nalala kwenye kochi." Kwa baba alisema: "Nikija huku mama analia." Nilipouliza, kochi lilikuwa la usiku mmoja waliopata wageni. Kilio kilikuwa cha siku moja pia, na kilitokana na simu ya kazini. Mtoto hakudanganya. Aliulizwa maswali mengi, akatoa lile jibu lililofanya uso wa anayeuliza ulegee. Mtoto wa miaka 8 anasoma nyuso vizuri kuliko anavyosoma vitabu, na akishajua kwamba habari mbaya za nyumba ya pili zinampa dakika kumi za kukumbatiwa, ataleta habari mbaya.

Utafiti unaolingana na hili upo. Mwaka 1991 Christy Buchanan, Eleanor Maccoby na Sanford Dornbusch walichapisha matokeo ya mahojiano na vijana zaidi ya 500 wa California, wenye miaka 10 hadi 18, ambao wazazi wao walikuwa wametengana. Waliwauliza kama wanajikuta wamebanwa katikati ya wazazi: wanatumwa ujumbe, wanaulizwa maswali ya nyumba ya pili ambayo wangependa wasiulizwe, wanasita kumtaja mzazi mmoja mbele ya mwingine. Waliobanwa zaidi ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za huzuni na mienendo mibaya, na kubanwa huko kulikuwa kukubwa pale wazazi walipokuwa na uhasama. Mtoto wetu ni mdogo kuliko wale, ila mambo yote matatu alikuwa nayo: alikuwa tarishi, alikuwa anahojiwa, na alikuwa ameanza kuchunga ulimi.

Meseji moja, kazi mbili

Niliomba ruhusa nisome mazungumzo yao kwenye simu ya mama. Baba alikuwa na lugha chafu, hilo mama hakuzidisha. Ila nilitaka kuona meseji zake yeye, kwa kuwa ndizo pekee tulizokuwa na uwezo nazo. Hii aliituma Jumapili saa 2 usiku:

"Kwa mara nyingine mtoto amerudi bila miwani. Sijui nikwambie mara ngapi. Kesho anaingia darasani haoni ubao, lakini wewe inakuhusu nini? Ndivyo ulivyokuwa hata tukiwa nyumba moja, kila kitu mimi. Na huyo uliyemweka hapo, kama hawezi kutazama begi la mtoto basi aseme. Nimechoka."

Jibu: "Umemaliza? Si wewe ndiye mama bora, mnunulie nyingine."

Jumatatu mtoto alikwenda shule bila miwani.

Kila neno la mama lilikuwa na msingi. Hata hivyo, tafuta ndani ya ujumbe ule mahali palipoandikwa miwani iletwe wapi, saa ngapi, na nani. Hapapo. Ujumbe ulipewa kazi mbili, kuleta miwani na kudai deni la ndoa, na ya pili ikaimeza ya kwanza. Baba angetaka kuwa mwema kupita kiasi, asingekuwa na la kufanya ila kuomba radhi kwa miaka yote, jambo ambalo hakulifanya walipokuwa wanalala kitanda kimoja. Hataanza leo kwa sababu ya miwani.

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, mimi na mama. Wikendi baada ya wikendi alikuwa bado anaisubiri siku ambayo mtu huyu atakiri. Sweta likibaki, ni ushahidi mwingine wa kesi ileile. Nilimwambia wazi kwamba kesi hiyo ana haki ya kuwa nayo, na ana haki ya kuilia kwa dada yake, kwa rafiki, kwa mshauri, mahali popote isipokuwa kwenye simu ya baba mtoto. Huko haijawahi kusikilizwa.

Bill Eddy, mwanasheria na mpatanishi wa Marekani anayefahamika kwa kazi yake na watu wagomvi mahakamani, hufundisha kwamba jibu kwa mtu wa namna hii liwe fupi, liwe na taarifa, liwe na adabu, na lifunge mjadala. Tuliiandika upya meseji ya miwani kwa kipimo hicho:

"Habari za jioni. Miwani ya mtoto imebaki kwako, anaihitaji kesho saa 1 na nusu asubuhi. Naweza kumtuma mtu aipitie leo kabla ya saa 3, au uiache getini shuleni asubuhi. Nijulishe ipi inakufaa."

Mama aliisoma akaniangalia. "Kwa hiyo yeye anitukane, mimi nimwandikie kama mhasibu?"

Ndiyo. Hasa kama mhasibu.

Miwani ilipobaki tena alituma maneno hayo karibu yote. Jibu lilikuja: "Ipo mezani tume mtu. Kazi yako ni kunihesabia vitu tu." Sentensi moja ya taarifa, moja ya kejeli. Mama alitaka kuijibu ya pili. Tulikubaliana kabla kwamba atajibu ile yenye taarifa tu, akaandika: "Asante, atafika saa 2 na nusu." Miwani ilifika. Baba hakubadilika tabia usiku ule, wala sikutegemea abadilike; alikosa tu pa kushika.

Baadaye nilimshauri mama anunue miwani ya pili ikae kule kule. Hapa alikasirika kweli, na ninamwelewa. Kwa nini alipe yeye uzembe wa mwingine? Kwa haki, alipaswa alipe baba. Lakini alikuwa analipa tayari, kila wiki, kwa usiku wa Jumapili ulioharibika na mtoto aliyekaa darasani akikodoa macho. Alinunua, huku akinung'unika.

Kupunguza mahali pa kukutana

Wengi wanaoachana hupewa picha ya wazazi wawili wanaokaa meza moja kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto na kucheka. Wapo, na heri yao. Maccoby huyo huyo na mwanasheria Robert Mnookin walifuatilia familia takriban 1,100 zilizofungua kesi za talaka katika kaunti mbili za California katikati ya miaka ya 1980. Wazazi walioshirikiana kwa mazungumzo ya kweli walikuwa wachache. Kadiri muda ulivyopita, kundi lililokuwa kubwa zaidi ni la wale ambao hawakugombana wala hawakushirikiana: kila mmoja alilea kwa upande wake, wakizungumza kwa nadra. Kwa mama huyu habari hiyo ilikuwa nafuu. Alikuwa anajiona ameshindwa kwa kutokuwa rafiki wa mtalaka wake, kumbe urafiki huo haukuwa sharti.

Basi tukaacha kutafuta maelewano, tukatafuta sehemu ambazo watu hawa wawili wanalazimika kukutana, na tukaziondoa moja moja.

Kubwa ilikuwa ile ya mlangoni. Pendekezo lilikuwa kwamba baba amchukue mtoto shuleni Ijumaa saa 9 na nusu, na amrudishe shuleni Jumatatu asubuhi. Hakuna honi, hakuna dirisha la gari. Akichelewa kupita saa 10, mama anamchukua mtoto bila kupiga simu wala kuandika neno, na baba anaweza kumpata Jumamosi saa 3 asubuhi kwa shangazi wa mtoto, dada yake mwenyewe baba, ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Jumamosi ikimpita pia, wikendi hiyo imekwenda na hailipwi.

Mama alipinga sehemu ya Jumatatu. Usiku wa Jumapili kule, maana yake nani atasimamia kazi za shule? Nani atapiga pasi? Nilimwambia hiyo ndiyo faida yenyewe. Kwa miaka miwili, kila uzembe wa baba ulikuwa unaangukia Jumapili usiku mikononi mwa mama, yeye anafua, anatafuta daftari, anamaliza hesabu za mtoto saa 4 usiku, na baba halioni. Mtoto akitoka kwa baba kwenda moja kwa moja darasani, uzembe unafika shuleni ukiwa na jina la mwenyewe.

Na ikawa hivyo. Jumatatu ya kwanza mtoto alifika na sweta lenye mikunjo na bila kazi ya nyumbani. Mwalimu, aliyekuwa ameombwa kuwaandikia wazazi wote wawili kwa wakati mmoja, alimwandikia baba, nakala kwa mama. Mama alinipigia akiwa na furaha isiyo nzuri sana. Aliambiwa asiseme chochote kwa baba, na alijikaza. Wikendi iliyofuata ya zamu yake, baba alituma picha ya kazi ya nyumbani iliyokwisha fanywa. Alimtumia mwalimu, si mama. Sawa tu.

Kwa nini baba alikubali mpango huu? Watu huniuliza hivyo kila mara, wakidhani mtu mgumu hakubali kitu. Mtu mgumu hukubali kitu kinachompa kitu. Katika yale mazungumzo ya simu alikuwa amesema maneno ambayo niliyaandika pembeni: "Siku zangu zinaliwa." Hofu yake ilikuwa kwamba mama anaweza kumfungia mtoto siku yoyote akiudhika, na kwa zile wikendi mbili alikuwa na sababu. Ratiba ya maandishi ilimpa siku zisizoweza kuliwa, na usiku mmoja zaidi. Nilianza na hilo nilipompelekea pendekezo. Sikuligusa hata kidogo suala la kuchelewa kwake; lilikuwa limekaa ndani ya saa 9 na nusu bila kutajwa.

Sharti lake moja lilikuwa kwamba akibanwa kazini, mke wake aruhusiwe kumchukua mtoto. Mama alikataa palepale. Kisha alikaa nalo siku kadhaa, akaandika jina la mke yule kwenye fomu ya shule kwa mkono wake. Sijui kama kuna jambo lililomgharimu zaidi katika kisa hiki chote.

Mengine yalipita haraka. Mazungumzo kwa njia moja tu, ujumbe wa maandishi, na kila mmoja ana hadi jioni ya siku inayofuata kujibu. Simu ni kwa dharura, na dharura ni hospitali au mtoto kutojulikana alipo. Miwani si dharura. Mtoto habebi ujumbe wowote, na akija na ujumbe mpokeaji anamwambia, "Hayo ni ya wakubwa, nitaongea na baba yako," kisha wanaendelea na mengine. Mama aliacha maswali ya Jumatatu. Badala ya "Ulikula saa ngapi, nani alikuwepo, ulilala wapi?" alibaki na "Karibu nyumbani." Kule mtoto hulala saa 4 na kuangalia katuni bila kipimo. Hilo mama aliambiwa alimeze. Nyumba ya baba ina kanuni za baba, na mtoto ana akili ya kutosha kujua kwamba hapa ni saa 2 na kule ni saa 4, kama anavyojua darasani hapana kukimbia na uwanjani ruksa.

Nilizungumza pia na mtoto mwenyewe, kwa ruhusa ya wote wawili, bila kumuuliza anampenda nani zaidi. Nilimuuliza kitu gani kingemrahisishia Ijumaa. Alitaka kujua Alhamisi kama baba anakuja au haji, ili asipange begi bure. Ombi dogo, la mtu mwenye mpango. Liliingia kwenye makubaliano: Alhamisi hadi saa 12 jioni baba anaandika neno moja, ndiyo au hapana. Ukimya unahesabiwa hapana.

Pesa zikae peke yake

Lile la kumnyima baba mtoto kwa sababu hajaleta matumizi lina mantiki yake mtaani, na karibu kila mtu aliyelisikia alimuunga mkono mama. Mimi sikumuunga mkono. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 9, unamtaja mtoto aliyetenganishwa na mzazi kama mwenye haki ya kuwa na uhusiano na kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa kama kufanya hivyo kunakwenda kinyume na maslahi yake. Haki ni ya mtoto. Baba hajainunua kwa matumizi, kwa hiyo haiwezi kukatwa asipolipa. Na ibara ya 18 inaweka jukumu la malezi kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo baba naye hawezi kusema amekata matumizi kwa sababu ameudhiwa. Anayekatwa ni mtoto.

Tukatenganisha. Mtoto anakwenda kwa baba kwa ratiba, pesa zimekuja au hazijaja. Pesa zina tarehe yake na akaunti yake, haziongelewi getini wala kwenye meseji za ratiba. Zikichelewa, mama anaandika kumbukumbu ya tarehe na kiasi, bila maneno ya pembeni, na zikichelewa tena anarudi mahakamani kwa suala hilo peke yake. Alirudi. Mahakama ikaamuru malipo ya kila mwezi, na kumbukumbu zake kavu zilimsaidia kuliko ambavyo zile skrini shoti za matusi zingemsaidia, maana kwenye zile matusi yalikuwa ya pande zote. Baba bado analipa pungufu baadhi ya miezi. Suala hilo liko mikononi mwa mahakama na linaendelea huko, polepole kama kawaida yake.

Yaliyofuata

Wiki za mwanzo baba alilipima lile sharti la saa 10. Ijumaa moja alifika saa 10 na dakika 20, akakuta mtoto ameshachukuliwa. Akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika meseji ya kurasa, akaahidi mahakama, akaahidi polisi. Mama alijibu: "Mtoto atakuwa kwa shangazi kesho saa 3 asubuhi kama ilivyoandikwa." Jumamosi saa 3 alikuwepo. Amechelewa tena baada ya hapo, lakini kwa dakika, na mara nyingi siku hizi anayefika shuleni ni mke wake, na anafika mapema.

Huyo mke ndiye aliyemaliza mambo ya vitu kubaki. Hakuna aliyemwomba. Alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mtoto: miwani, sweta, daftari, chupa ya maji. Mama aliijua habari hiyo kwa mtoto, aliyeisema mwenyewe bila kuhojiwa. Nilimuuliza kama amemshukuru. Akasema atamshukuru siku yake ikifika.

Tumbo la Ijumaa lilipungua, halikwisha. Hurudi wiki ambazo neno la Alhamisi halikuja.

Kinachowagombanisha sasa ni simu. Baba amemnunulia mtoto simu ili wazungumze wakati wowote bila kupitia kwa mama. Mama anaiona kama mlango mpya wa kuingilia nyumbani kwake, na ana hoja: usiku wa kwanza iliita saa 4, mtoto akiwa amelala. Baba naye ana hoja, kwamba kila akitaka kusikia sauti ya mwanawe lazima apitie kwa mtu asiyempokelea. Nimependekeza simu ikae sebuleni, iwashwe saa 12 na nusu hadi saa 1 jioni, mtoto aongee akiwa peke yake bila mtu wa kusikiliza, kisha izimwe. Baba amekubali saa, amekataa kuzimwa. Mama amekubali kuzimwa, anataka akae karibu asikie. Ibara ya 12 ya mkataba ule ule inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, kwa hiyo nimeomba aulizwe naye. Hadi ninapoandika, simu iko kwenye droo kwa shangazi.